Aliyenishikia Cheni

Usiniambie niliota. Mke wangu pia alimwona. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa alasiri ya mwezi wa saba, wakati ukungu wa Nyeri unashuka mpaka huoni mbuni wa kahawa ulio mbele ya mlango wako.

Miaka ile ya sabini nilikuwa daktari wa ng'ombe huko Mukurweini. Mimi ni mtu wa Bungoma. Serikali ilinipa kazi na pikipiki, nikakodi nyumba karibu na Gakindu, na jirani niliyezoeana naye sana alikuwa Kariuki. Wiki hiyo alikuwa mbali huko Timau, kibarua kwenye mashamba ya ngano.

Basi nilikuwa uani nikibadilisha cheni. Ya zamani ilikuwa imelegea, na meno ya sproketi zote mbili, yale magurudumu yanayoivuta cheni, yamechongoka kama ya msumeno. Sproketi mpya nilikuwa nimeshazifunga. Nikawa nahangaika kuunganisha cheni, Kariuki akatokea kwenye ukungu.

"Umerudi lini, bwana?"

Hakujibu. "Wacha nikushikie," akasema.

Akachuchumaa upande wa pili, akavuta ncha za cheni zikakutana, akabana klipu inayofunga kiungo kwa kidole. Kwa kidole! Mimi natumia koleo na bado jasho linanitoka.

"Kesho unampeleka mama kliniki, sivyo?" akauliza.

Mke wangu, Nekesa, alikuwa mjamzito, na kweli kesho yake ningempakia tushuke mteremko ule kwenda Nyeri. Lakini ni nani aliyemwambia? Nikatazama mikono yake. Alikuwa ameokota cheni ya zamani, inachuruzika grisi, na vidole vyake vilikuwa safi kama vya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Hapo Nekesa akaingia na kikapu, anatoka sokoni. Hakumwona mtu nyuma ya pikipiki.

"Baba, Kariuki anakusalimia. Nimemwacha pale Gakindu, ameshuka sasa hivi kwa lori."

Yule aliyechuchumaa akainua kichwa polepole. Akamtazama Nekesa usoni, halafu tumboni, akatabasamu. Kikapu kikaanguka. Yule mtu akasimama, akaingia kwenye kahawa, na hakuna hata jani lililotikisika.

Tulijifungia. Kabla ya giza mlango ukagongwa.

"Dakitari, ni mimi."

Nikachungulia dirishani. Ni Kariuki, amebana mkate wa zawadi kwapani, na mikono yake ni myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Hebu nipe mafuta taa ninawe. Nimelala kwa lori, nikaamka niko hivi. Ati sijui nimeshika nini."

Wewe ungefungua? Nekesa alikuwa amenishika shati kwa nguvu. Nilimpitishia chupa dirishani, nikafunga.

Asubuhi nikaikagua ile cheni mpya. Klipu ilikuwa imewekwa kinyume, upande ulio wazi ukitazama mbele, kule cheni inakokimbilia. Ikikaa hivyo hutoka njiani. Cheni ikakatika, ikabana gurudumu katikati ya mteremko na mama mjamzito nyuma yako, nani angepona?

Nilipomweleza Kariuki, alikaa chini kwenye majani. Tangu siku hiyo hakukubali tena kulala safarini, hata awe amechoka namna gani. Mtoto wetu alizaliwa salama, mvulana. Hatukumwambia neno hata siku moja, lakini mpaka ameota ndevu hajawahi kumpa Kariuki mkono. Ukimuuliza, anasema mikono ile inamtia baridi.

Wewe unayefungua pikipiki yako nyumbani, nisikilize. Akija mtu kukushikia kazi, hata awe na sura ya ndugu yako wa tumbo moja, mwite jina na ungoje aitike. Asipoitika, acha spana hapo chini, uende penye watu.