Fundi Miwani na gurudumu la mkewe

Saa moja asubuhi, Fundi Miwani anapindua baiskeli ya mteja, magurudumu juu, na kulizungusha la nyuma. Halitazami. Anagusa spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, na kusikiliza.

"Hii imelegea," anasema, akiikaza. "Iliyokaza hulia ting! Iliyolegea hulia kama mtu mwenye mafua."

Masikio hayo ameyafundisha kwa shida. Miaka minne iliyopita macho yalianza kuwa mekundu na kuuma kila alipotazama mwanga. Akavaa miwani nyeusi kutwa nzima. Wateja wakamcheka kwamba ameanza kuringa, na jina likamganda.

Hospitali wakamwambia ana uvimbe ndani ya macho, wa kwenda na kurudi. Matone ya dawa yaliutuliza, lakini maji ya jicho yakakosa pa kutokea na presha ya macho ikapanda. Presha hiyo huua mshipa wa kuonea kimyakimya. Jicho la kushoto likaenda hivyo hivyo.

Mwaka jana, kuokoa la kulia, akakubali kupasuliwa. Daktari akafungua kinjia cha maji, presha ikashuka. Fundi kwa furaha akaacha matone yote.

"Nilijiambia bomba limezibuliwa, dawa ya nini tena?"

Wiki ya tatu jicho likawaka kama limetiwa pilipili. Daktari hakumbembeleza: "Baba, nimekuchimbia mfereji. Moto wa uvimbe sijauzima. Ukiuacha uwake, utauziba na huo mfereji."

Tangu siku hiyo mkewe, ambaye ni mshonaji, ndiye mlinzi wa chupa ya matone. "Ananiita askari," anasema. "Na niwe! Akisema 'baadaye', namjibu: baadaye ni upofu."

Mara nne kwa siku fundi anaacha kazi, anasugua grisi mikononi kwa sabuni, anatia tone. Hakosi. Kwa mtu wa kazi za watu anayesubiriwa na foleni, hilo si jambo dogo. Kabla ya upasuaji jicho lilikuwa likiwaka mara tano kwa mwaka. Kwa miezi kumi sasa, mara moja tu. Daktari haahidi kitu. Kuna ambao uvimbe hutulia baada ya upasuaji, anasema, na kuna ambao huchachamaa.

Ukutani imetundikwa ringi tupu. Kuunda gurudumu upya, spoku thelathini na sita, masikio hayatoshi. Lazima jicho lione ringi inapoyumba. Ringi hiyo ni ya mkewe.

"Miaka minne baiskeli yangu ina gurudumu moja," analalamika. "Na mimi ni mke wa fundi!"

"Si uendeshe hilo hilo, mama?"

"Nitakuendesha wewe."

Alhamisi fundi anapimwa jicho. Presha ikiwa chini na jicho limetulia, ringi itashuka ukutani. Spoku ameshaziweka tayari kwenye kopo.

"Gurudumu hili sitalisikiliza," anasema, akivua miwani kuifuta vumbi. "Nataka nilione likinyooka."

Saa sita imefika. Mkewe anainua chupa juu. Fundi anacheka, anakwenda kunawa mikono.