Firigisi za Biskuti

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya firigisi za kuku zikichemka bila chumvi, bila kitunguu, bila hata kipande cha tangawizi. Kila Jumamosi asubuhi ilipanda ngazi za nyumba yetu ya Lawrence Heights na kuingia chumbani kwangu kupitia chini ya mlango. Nje theluji ilikuwa imefunika magari hadi hujui lipi la nani, hita imeanza kugonga ukutani, na mimi, mtoto wa miaka kumi, nimelala macho wazi nikijua kwamba kule chini baba yangu amevaa aproni ya mama, amesimama mbele ya jiko, anampikia mbwa.

Ili uelewe kwa nini niliumia, lazima ujue firigisi ilikuwa kitu gani nyumbani kwetu. Wazazi wangu walitoka Tukuyu, na waliibeba desturi ile hadi Toronto pamoja na masufuria yao: kuku ana firigisi moja tu, na firigisi ni ya baba. Mama aliiweka juu kabisa ya sahani yake, ikang'aa kwa mchuzi, na baba aliila mwisho, polepole, huku mimi nikimtazama mdomo. Niliiomba nikiwa na miaka minne, nikaiomba nikiwa na sita, nikaiomba tena nikiwa na tisa. Mara zote mama alinijibu, “Firigisi ni ya baba,” bila hata kugeuka. Siku niliyothubutu kuigusa kwa kidole nilichapwa mkononi kwa mwiko, na baba hakusema lolote. Hakuwa mkali wa kupiga baba yangu, alikuwa mkali wa kunyamaza. Alirudi kutoka kazini mikono inanuka dawa ya kusafishia sakafu, akaniuliza kama nimemaliza kazi za shule, nikamjibu kwa Kiingereza, akasema, “Nijibu Kiswahili.” Kiswahili changu cha wakati ule kilikuwa cha kuelewa tu, hakikuwa cha kusema. Basi nilinyamaza, na mazungumzo yetu ya siku nzima yakawa yameishia hapo.

Biskuti aliingia katika maisha yetu mwezi wa kwanza. Baba alikuwa msafishaji katika jengo moja la ghorofa, na ghorofa ya nane aliishi mama mzee aliyeitwa Bi Dorothy, ambaye baba alizoea kumbebea mifuko ya sokoni. Bi Dorothy alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hakuwa na ndugu wa karibu. Alikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, masikio marefu, miguu mikubwa kuliko mwili wake, na kama asingepatikana mtu wa kumchukua angepelekwa anakojua Mungu. Jioni ile baba alifungua mlango akiwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo Biskuti.

“Mbwa ndani ya nyumba?” mama aliuliza. “Baba Sekela, umechanganyikiwa?”

Biskuti alimjibu kwa kumrukia, miguu miwili mabegani, akamlamba miwani. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuna mtu aliyekuwa mgeni kwake. Alimrukia mleta barua, aliwarukia watoto wa jirani, alimrukia hata mtu aliyekuja kusoma mita, akamwaga vifaa vyake vyote kwenye theluji. Hakuwa na ubaya hata kidogo, ila mapenzi yake yalikuwa yanaangusha watu. Na hapo ndipo kazi ilipokuwa, kwa sababu kule kwa wazee mbwa waliruhusiwa kuja kusalimia, lakini si mbwa arukaye. Mzee akisukumwa kidogo tu, amevunjika tena. Meneja wa pale alimwambia baba amlete mwisho wa mwezi wa tatu, akiwa ametulia, vinginevyo basi. Bi Dorothy alipiga simu kila jioni, na sikuzote alianza kwa kuuliza mbwa wake amekula nini.

Njia ya kumfundisha aliitoa yeye mwenyewe kwa simu, na baba aliiandika kwenye daftari langu la hesabu bila kuniomba. Asipigwe. Asifokewe, kwa maana ukimpigia kelele anadhani nawe umefurahi. Akiruka, mgeuzie mgongo, usimtazame, usimguse, usiseme neno. Miguu yote minne ikiwa chini, papo hapo mpe kitu kitamu na umsifu. Baba alicheka sana mwanzoni. Kwao mbwa alifundishwa kwa jiwe, na somo lilikuwa moja tu, kaa mbali. Lakini alikuwa amemwahidi mama mzee, na baba akiahidi ameahidi. Akanunua firigisi pakiti nzima dukani, akazichemsha, akazikata vipande vidogo kama punje za mahindi, akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Biskuti hakujali biskuti hata kidogo, wala jibini, lakini kwa firigisi angekusomea barua.

Sasa fikiria jioni zetu. Baba anaingia, viatu vimeloa, Biskuti anamrukia. Baba anageuka, anatazama ukuta. Mbwa anaruka, anazunguka, analia, halafu anachoka, anatua. Na hapo baba yangu, mtu niliyedhani hana sauti nyingine zaidi ya ile ya kuulizia kazi za shule, anachuchumaa na kusema, “Vizuri. Vizuri sana, baba. Taratibu. Ngoja. Haya, kaa. Umeona? Unaweza. Mbona unaweza.” Sauti ile ilikuwa laini, ya chini, haina haraka. Sikuwahi kuisikia. Nilisimama kwenye ngazi nikiisikiliza ikimwagwa juu ya mbwa, na wivu ulinishika. Wala sioni haya kusema hivyo leo. Nilimwonea wivu mbwa. Nilimwonea wivu kwa firigisi, nikamwonea wivu kwa kiganja cha baba kilichofunguliwa mbele ya pua yake, na zaidi ya vyote nilimwonea wivu kwa kusifiwa eti ameketi. Mimi nilikuwa nimeketi miaka kumi.

Nilijaribu na mimi. Siku moja niliyopewa cheti cha kusoma darasani, nilikaa ngazi ya mwisho karibu na mlango, mikono magotini, nimetulia tuli, cheti kimeelekezwa mbele. Baba akaingia. Mbwa akaruka. Baba akageuka, akatupa mgongo sisi sote wawili. Mbwa alipotua alipata firigisi tatu na sifa zake zote. Nikasema, “Daddy, look.” Alikitazama cheti, akatikisa kichwa kukubali, akasema, “Nijibu Kiswahili,” ingawa sikuwa nimeulizwa kitu. Kisha akaenda kunawa mikono.

Mambo yalizidi Jumapili moja alipotutembelea mama mmoja wa kanisani, Mama Furaha, mwenyeji wa Uvira kule Kongo, aliyeogopa mbwa kama moto. Alibaki mlangoni ameshika mkoba kifuani. Baba akasema tu, “Kaa,” na Biskuti akaketi, mkia ukifagia zulia. Mama Furaha akapiga makofi. “Ah, mon Dieu! Iyi imbwa iko na adabu kupita batoto ya huku!” Watu wazima wote wakacheka, baba akacheka, na macho yakanigeukia mimi, mtoto wa huku, niliyekuwa nimemsalimu mgeni kwa kumumunya maneno. Nilipanda chumbani, nikauma mto. Hapo ndipo nilipoamua kumharibu yule mbwa.

Nilikuwa na muda. Mama alifanya zamu za jioni jikoni hospitalini, baba alirudi saa kumi na mbili, na mimi nilitoka shule saa tisa na nusu, ufunguo shingoni. Kwa muda wa saa mbili na nusu kila siku Biskuti alikuwa wangu. Nilipaka siagi ya karanga kwenye mkate, nikajigonga kifua mara mbili kwa kiganja, na aliponirukia na kuniwekea miguu mabegani nilimpa. Tena. Na tena. Alikuwa mwanafunzi mwepesi, maskini. Baada ya wiki mbili ilitosha nijigonge kifua mara mbili na angepaa kutoka upande wa pili wa sebule. Kwa baba aliendelea kuketi kama malaika, kwa kuwa baba hakuwa mtu wa kujigonga kifua. Nilimfundisha kwa njia ile ile ya upole, bila kumpiga, bila kumfokea, na kusema kweli niliona raha kuona kuna kiumbe kinachonisubiri nyuma ya mlango.

Siku ya majaribio tulikwenda watatu kwa basi, Biskuti amepigwa brashi, baba amevaa koti lake la kanisani. Kwenye mapokezi mbwa aliketi. Wauguzi walipita, aliketi. Mzee mmoja alimkanyaga mkia kidogo, akabaki ameketi, na meneja akaanza kutabasamu. Kisha mlango wa ukumbi ukafunguka, akatokea Bi Dorothy na fremu yake ya kutembelea, mwembamba kuliko nilivyomfikiria, nywele zimechanwa vizuri kwa ajili ya siku ile. Alipomwona mbwa wake alisimama. Akaachia mkono mmoja kwenye fremu, akauweka kifuani kwa furaha, akajigonga mara mbili.

Niliona kitakachotokea kabla hakijatokea. Biskuti alipaa. Fremu iliangukia huko, na kama muuguzi asingekuwa nyuma ya Bi Dorothy kumdaka, sijui. Hakuumia. Lakini alipiga ukelele, na meneja akanyoosha kidole mlangoni, na baba yangu, koti lake la kanisani limechanika kwapani kwa kuvuta kamba, alikuwa anaomba radhi kwa kila mtu aliyekuwepo, hata kwa wasiohusika. Bi Dorothy alikuwa analia akisema si kosa la mbwa. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Kwenye kituo cha basi upepo ulikuwa unakata masikio. Baba alisema, kama anayejiambia mwenyewe, “Sijui nilikosea wapi.” Alirudia mara mbili. Ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua hadi leo. Ila sura yake ilinishinda. Nilimweleza yote, mkate, siagi, kifua, na kwa mara ya kwanza nilimweleza kwa Kiswahili, kibovu, kimevunjika kila mahali, kwa sababu niliona kwa Kiingereza ingekuwa ni kama kujificha. Mwisho nikasema, “Wewe unampenda yeye. Mimi hapana.”

Nilingoja kofi. Baba alinigeuzia mgongo. Alitazama barabara, akakaa hivyo hivyo mabega yamepanda, na mimi nikalia kwa kelele, nikalia mpaka sauti ikaisha, nikatulia. Basi moja likapita hatukupanda. Ndipo alipogeuka, akachuchumaa pale pale kwenye theluji chafu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule mfuko wa firigisi, akauweka mkononi mwangu.

“Kesho tunaanza upya,” alisema. “Utamfundisha wewe. Mimi nitakaa nitazame.”

Na alikaa. Wiki sita, kila jioni, alikaa kwenye kiti cha jikoni akinitazama mimi. Nilijigonga kifua, mbwa akaruka, nikageuka, akatua, nikampa. Maneno baba aliyadai kwa Kiswahili, na kwa sauti ile. “Taratibu, Sekela. Hapo umeharakisha. Mwambie kama unamtaka.” Firigisi moja niliila kwa siri. Ilikuwa kama kutafuna raba. Mwezi wa tano meneja alikubali tujaribu nje, bustanini, na Bi Dorothy, ambaye tulikuwa tumemweleza yote, alijigonga kifua kwa makusudi, mara mbili, jicho moja kwangu. Biskuti alitetemeka mwili mzima, lakini aliketi. Tuliendelea kumpeleka kila Jumamosi hadi mama mzee alipofariki, na mbwa akabaki kwetu miaka mingine tisa. Baba naye alirudia ukimya wake. Kiti cha jikoni kilirudi mezani, na maswali yakawa yale yale ya kazi za shule.

Leo naishi Mississauga na nina mtoto wa miaka minne, Lusajo. Kila neno la upole la Kiswahili ninalomwambia, taratibu, ngoja, mbona unaweza, nililipata likisemwa kwa mbwa, na sina jingine. Jumapili iliyopita baba na mama walikuja kula. Baba amezeeka, magoti hayachuchumai tena. Lusajo alimrukia mlangoni, baba akageuka kutazama ukuta, mtoto akacheka hadi akakaa chini. Nilipika kuku, nikaweka firigisi juu ya sahani ya baba, kama desturi. Baba akachukua kisu, akaikata vipande vidogo vidogo, akaanza kumlisha Lusajo kimoja kimoja kwa sababu ameketi vizuri mezani. “Vizuri, baba. Vizuri sana.” Nina miaka thelathini na nne, nina gari, nina wafanyakazi watano chini yangu, na wivu ulinishika vile vile kama zamani.

“Baba,” nilisema, “mimi hukunipa hata siku moja.”

“Nini?”

“Firigisi. Biskuti alikula, huyu anakula. Mimi hukunipa.” Nilikusudia uwe utani, lakini sauti ilinikatika katikati.

Mama aliacha kutafuna. Baba aliitazama sahani yake. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Akakiweka juu ya kiganja, akakifungua kiganja wazi, akaninyooshea mkono.

“Haya, Sekela,” alisema, kwa sauti ile. “Kaa.”

Nilikuwa nimesimama na upawa mkononi. Niliuweka chini, nikavuta kiti, nikakaa.