Pembe Nne za Mmea wa Mama Chebet

Utomvu wa mnyaa una harufu kali, kitu kati ya majani mabichi yaliyopondwa na mpira unaoanza kuungua. Kila ninapoisikia narudi Boito, kwenye kiangazi kimoja mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumehamia huko kutoka Kisii. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha chai na kurudi nyumbani Jumamosi. Mama alichuma chai katika mashamba ya watu. Mama alipenda maua kupita kiasi, lakini mbuzi wa kijiji walimtafunia kila alichopanda, mpaka siku alipogundua kwamba hawagusi mmea wenye maziwa. Tangu hapo hakutaka mwingine. Alipanda mnyaa wa vijiti, akapanda taji la miiba, akapanda na mingine isiyo na jina aliyoiokota popote alipopita, yote ndani ya mikebe ya mafuta iliyotobolewa.

Kwa kuwa hakujua kusoma, mimi ndiye niliyekuwa karani wake. Akipata mmea mgeni aliukata ncha, akahesabu pembe za shina kwa kidole, akatazama kama miiba imekaa miwili miwili au mmoja mmoja, kisha akasubiri tone la maziwa. Jepesi huanguka upesi, zito hung'ang'ania. Mimi nilichora na kuandika ulikotoka katika daftari langu la shule. Tulikuwa tumejaza kurasa nane, na nilijiona msomi hasa.

Ukurasa wa tisa ndio uliotuponza. Jirani yetu Mkipsigis, Mama Chebet, alikuwa na mmea mmoja kwenye lango la boma la ng'ombe, shina la pembe nne lenye madoadoa meupe kama ya kanga wa porini. Mama aliutamani hata akawa anazunguka njia ndefu ya mtoni ili apite hapo. Kuomba aliona aibu. Tulikuwa wageni, na majuzi tu wawili hao walikuwa wamekwaruzana juu ya mbuzi. Asubuhi moja, Mama Chebet alipokuwa amekwenda kuuza maziwa, mama alikata tawi, akafuta kisu kwenye pindo la leso yake kama alivyofanya siku zote, akalificha tawi ndani ya kikapu cha chai. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Andika Siongiroi." Kweli alikuwa amekwenda soko la Siongiroi mwezi uliopita. Nikaandika. Akavua ile leso, akaitupa kitandani, akaenda kazini na kuniachia mdogo wangu Nyaboke, mtoto wa miaka minne.

Nyaboke alikunywa uji akajipaka uso mzima. Nikavuta kitambaa kilichokuwa karibu, nikampangusa. Alipiga yowe ambalo sijasikia jingine kama hilo, akafunika jicho la kushoto kwa mikono miwili. Nilinusa pindo la leso, nikajua nilichofanya. Nilimbeba mgongoni nikakimbia, na nyumba ya karibu ilikuwa moja tu.

Mama Chebet alikuwa amerudi, ananyonyesha. Alimweka mtoto wake kwenye ngozi ya kulalia, akamshika Nyaboke kidevu, akaisikia harufu ya utomvu.

"Ni maua gani imeingia?" aliuliza. "Iko ile ya vijiti, na iko ile yangu ya langoni. Hiyo yangu iliharibu ndama jicho. Sema, mtoto. Ni gani?"

Nikisema, mama ni mwizi, na sisi hatuna kwingine pa kwenda. Nisiposema, Nyaboke atapofuka mikononi mwangu. Nilimchukia mama wakati huo, nakiri.

"Ni ya langoni," nikasema. "Mama alikata leo."

Mama Chebet alimlaza Nyaboke kichwa pembeni akamwagia maji jagi baada ya jagi, akanituma kisimani mara tatu. Kisha akatoa titi akamkamulia maziwa ndani ya jicho, kama walivyofanya wanawake wote wa huko, huku mtoto wake mwenyewe akilia kwenye ngozi. Jioni mama alimpeleka zahanati, jicho likafungwa bandeji, tukaambiwa tungoje siku nne. Mama hakuonja chakula wala hakukanyaga bustani yake. Hakunigombeza pia, na hilo liliniumiza zaidi.

Siku ya nne Mama Chebet alikuja bila kuitwa. Mama alifungua bandeji, akaziba lile jicho la kulia lisiloumia kwa kiganja, akainua lile tawi la madoa mbele ya Nyaboke.

"Pembe ngapi?"

Nyaboke alikodoa jicho, machozi yakamtiririka. Alikawia sana. "Nne," akasema. "Na iko na madoa."

Mama aliketi chini palepale akalia kwa sauti. Mama Chebet alimtazama, akamwita kwa jina langu, akasema taratibu, "Ungeniomba, Mama Kerubo, ningekupa mbili."

Siku hizi wajukuu wangu wanapiga picha mmea kwa simu na kupata jina lake, refu la kigeni, kabla sijavaa miwani. Nawaonea wivu, mama angeipenda simu hiyo kuliko redio. Mwaka jana walinipigia picha mmea wa madoa ambao Nyaboke bado anautunza mlangoni pake, simu ikaujua mara moja. Ulitoka lango la nani, haikusema. Mama ametutoka, na Mama Chebet pia. Nilitoa lile daftari sandukuni, nikafungua ukurasa wa tisa, nikakata neno Siongiroi, na chini yake nikaandika: umetoka kwa Mama Chebet, bila kuomba.