Sakafu Iliyokunywa Maji ya Punda

Lori nililopanda lilipokufa kabla ya Kambu, mzee aliyekuwa akivuta punda alinisaidia kupakia begi langu mgongoni mwa mnyama huyo, tukaendelea kwa miguu. Jina lake Abdulkadir, fundi wa sakafu kutoka Kitui mjini. Mimi sikuwa nimewahi kufika Kambu. Yeye alikuwa hajarudi huko kwa mwaka mzima, na kila tulipokaribia alipunguza mwendo.

Mwaka huo uliopita, 1984, njaa ikiwa imepamba moto, alimtengenezea Mutindi, mama mwenye hoteli ya Kambu, sakafu ya hoteli yake: zege, kisha niru nyekundu, tabaka laini la saruji ya rangi, iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi ikang'aa. Saruji ikikauka haraka hupasuka, kwa hiyo alimwagiza Mutindi ailoweshe siku saba. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalichimbwa mbali, madebe manne kwa safari moja ya punda, na yote yaliishia sakafuni. Siku ya sita punda wa Mutindi alianguka njiani, akafa kwa kiu.

"Siku tatu za kuifunika kwa magunia yaliyolowa zingetosha," Abdulkadir aliniambia. "Nilisema saba kwa sababu nilitaka wageni waulize fundi ni nani."

Tulipofika Kambu, Mutindi alikuwa mlangoni mwa hoteli.

"Fundi! Umekuja kumwona bibi yako?" Alionyesha sakafu kwa kidevu. "Huyo hazeeki."

"Mama, nimekuletea punda."

Kicheko kilimpotea usoni. "Nani alikuambia nadai punda? Maji nilimwaga kwa mkono wangu. Nilimwona yule punda wangu ulimi umemtoka, nikamwaga sakafuni. Nilitaka sakafu ya kuringia."

"Lakini mimi ndiye niliyesema saba."

Mutindi aliingia jikoni, akarudi na karai la maji, akaliweka mbele ya punda. Alisimama akimtazama mpaka likaisha. Akaleta la pili. Punda alipoinua kichwa, Mutindi alinipa begi langu, akaifunga kamba ya punda kwenye nguzo.

"Haya. Ingia unywe chai."

Abdulkadir alitazama chini, ncha za viatu vyake zikiwa kizingitini.

"Hiyo siwezi kuikanyaga, mama."

Akashika barabara ya kurudi Kibwezi, upande tuliotoka, mikono mitupu. Mimi niliingia, nikavua viatu, nikaikagua sakafu kutoka ukuta hadi ukuta nikitafuta ufa. Ningeupata hata mmoja, ningemkimbilia kumwambia kwamba hata siku saba hazikuwa nyingi mno.