Fundi Sagbo Anamkaribisha Dangbe

Katika mji mzima wa Wida hakukuwa na mwanamume aliyesifiwa kwa kumheshimu Dangbe kama fundi Sagbo, na ni Sagbo peke yake aliyejua kwamba heshima yenyewe ilikuwa woga mtupu.

Huko Wida chatu ni mtakatifu, ndiye Dangbe, mzee wa mji. Hutoka hekaluni jioni akatembea apendako, na akikuingilia nyumbani unamsalimu, unamwinua kwa mikono miwili na kumrudisha kwake taratibu. Watoto wadogo humvaa shingoni. Sagbo, fundi cherehani wa makamo mwenye kitambi na sauti nzito, akimwona tu magoti humwisha nguvu. Mara ya kwanza yalipomwisha nguvu hadharani alianguka kifudifudi, na majirani wakanong'onezana, "Mtazame anavyosujudu!" Basi akaona hapo ndipo pa kujifichia. Tangu siku hiyo chatu akitokea, Sagbo chini, paji la uso mchangani, macho kayafumba, mpaka mwingine amwondoe. "Mimi si msafi wa kumgusa," husema akijipangusa. Sifa zikaenea, naye akazipokea zote, kwa sababu hajawahi kukataa kitu cha bure.

Kilichomtia matatani ni mapenzi. Sagbo alikuwa mgane, na Hwefa, muuza akasa, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, wa pale sokoni, alikuwa mjane. Kwa kumpenda Hwefa alikula akasa asubuhi na jioni hata ikabidi aachie mishono ya suruali zake mwenyewe. Lakini Hwefa alikuwa binti wa ukoo unaotunza chatu, na aliyemlea ni shangazi yake, Bi Alugba, mwanamke ambaye hata madereva wa pikipiki humpisha njia. Sagbo alipopeleka posa na chupa ya pombe kali ya sodabi, Bi Alugba alicheka kwa furaha.

"Wewe? Mcha Dangbe mkubwa hivi? Nani atakukataa?" alisema. "Ila sikiliza, mwanangu. Popote binti yetu anapokwenda, mzee naye huja. Sitaki nyumba itakayomshangaa. Mchukue chatu mmoja hekaluni, ukae naye. Siku ya soko nitakuja kuona mnavyoishi. Nikiridhika, mchukue binti."

"Ni heshima kubwa, Shangazi," alisema Sagbo, kijasho chembamba kikimtoka.

Alirudi nyumbani akijitukana njia nzima. Miaka yote hiyo ameuza woga kwa jina la ibada, sasa wateja wamerudi kudai mzigo.

Kesho yake alikwenda kwa Gbenu, mlinzi wa hekalu, amebeba mtungi mtupu. Alijifariji kwamba hawa wa Wida si yale madubwana ya porini yanayomeza mbuzi. Hawa ni wafupi, wanene wa tumbo, wapole. Alijifariji hivyo mpaka mlangoni. Ndani walikuwa wamelala ukutani, kwenye boriti, chini ya benchi.

"Chagua, fundi," alisema Gbenu.

"Nipe mdogo kuliko wote."

"Mdogo? Utajuta. Huyu mtoto anaogopa kila kitu, na mwenye woga ndiye anayeng'ata. Mchukue yule mama mkubwa pale. Yeye ni kula na kulala tu."

Sagbo aliwaza kwamba kama mwenye woga ndiye anayeng'ata, basi yeye angekuwa ameshang'ata nusu ya Wida. "Mdogo," alisisitiza. "Sisi wenye dhambi hatustahili wakubwa."

"Ama kweli wewe ni mnyenyekevu!" alisema Gbenu. Akamtia mdogo mtungini, akaufunika kwa kitambaa, akamtwika. Sagbo alitembea hatua kwa hatua, shingo imekakamaa, akiomba kitambaa kisichezecheze. Wanawake waliokuwa kisimani walipiga magoti. "Hata haharakishi!" walisema. Angeharakishaje, na miguu ilikuwa inagongana?

Nyumbani alimpa mgeni chumba chake cha kulala. Sanduku kubwa la mbao, shuka jeupe, chandarua, taa, beseni la maji: Sagbo mwenyewe hajawahi kulala pazuri hivyo. Kisha akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa vitambaa vya dukani, akaenda kulala jikoni juu ya meza. Majirani walipouliza, alisema amemwachia mzee kitanda. Wakamsifu tena. Alianza kuwachukia.

Lakini chatu hakula. Sagbo alimrushia panya kutoka mlangoni, akachungulia kwa jicho moja: mgeni alikuwa amejikunja akawa donge, kichwa amekificha katikati, na panya anajitembelea mgongoni pake. Sagbo aliliangalia lile donge kwa muda. Ndivyo naye anavyolala jikoni.

Hapo hofu mpya ikamwingia. Je, akimfia? Dangbe akifa huzikwa kama mtu, na huulizwa nani alikuwa mwenyeji wake. Akamkimbilia Gbenu.

"Umemweka wapi?" aliuliza Gbenu.

Sagbo akamweleza habari za sanduku, shuka na chandarua.

"We fundi, umemjengea ikulu ya nini? Huyo anataka pembe ya giza pa kujibana, na joto kidogo. Mtoe kwenye uwanja huo. Laza ule mtungi, mdomo uelekee ukutani. Zima taa, halafu umwache. Unamchungulia mno!"

Sagbo alilaza mtungi akausukuma hadi kando ya sanduku kwa mpini wa ufagio, akakimbia. Asubuhi donge lilikuwa limehamia mtungini, na panya hayupo. Akafurahi mpaka akajishangaa. Alimweleza kila mteja kwamba "mtoto amekula", kama vile ametafuna yeye. Jikoni, hata hivyo, hakuhama.

Siku ya soko Bi Alugba alikuja na Hwefa. Sagbo alikuwa amevaa kanzu mpya na amepiga moyo konde. Aliwaongoza chumbani, akaelekeza mtungi kwa mbali. Hwefa akainama, akatia mkono ndani.

"Hayumo," alisema.

Sagbo akatazama chini. Vile vitambaa vya mlangoni alikuwa ameviondoa alfajiri ili chumba kionekane kizuri.

"Ametoka kutembea, ni kwake," alisema Bi Alugba bila wasiwasi. "Tukae tumngoje."

Wakakaa dukani, chumba cha mbele. Bi Alugba alisifu kanzu, akasifu usafi, akaanza kupanga siku ya harusi. Sagbo alikuwa ameegemea cherehani, anaitikia "ndiyo, Shangazi", alipohisi kitu cha baridi kinampita juu ya unyayo. Kikazunguka kifundo cha mguu. Kikaanza kupanda, polepole, ndani ya kanzu.

"Huyo hapo!" Bi Alugba alipiga makofi. "Amemchagua mwenyewe! Mwinue, mwanangu, nipe nimsalimu."

Kusujudu hakukuwezekana; angesujudu wapi, na mzee yuko gotini? Sagbo alimtazama Hwefa. Angeweza kusema tena kwamba si msafi, na wangeamini. Na Hwefa angekuja kuishi na mtu huyo wa kusujudu, siku zote, na yeye Sagbo angelala jikoni maisha yake yote akitafuta sababu. Machozi yakamtoka.

"Siwezi, Shangazi," alisema. "Namwogopa. Namwogopa tangu utotoni. Pale chini nilikuwa nafumba macho tu."

"Miaka yote hiyo?" aliuliza Bi Alugba.

"Yote. Hapa nalala juu ya meza ya jikoni. Ikataeni posa yangu, sitalalamika. Ila mtoeni kwanza."

Hwefa aliziba mdomo, mabega yakimtikisika. Lakini Bi Alugba hakucheka.

"Marehemu mume wangu," alisema, "alikuja kuishi kwetu, kwenye nyumba iliyojaa chatu hawa. Tangu usiku wa kwanza alilala kitini, miguu juu ya meza. Alisema mgongo unamuuma. Alikufa akisema mgongo." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mimi nilidhani ni mimi hanitaki."

Hwefa alipiga magoti mbele ya Sagbo, akaingiza mkono chini ya kanzu, akamtoa chatu kwa utaratibu kama anayetoa mwiba, akamweka begani mwake.

Bi Alugba akavuta kigoda, akakisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Sagbo.

"Haya, mkwe," alisema. "Pandisha miguu."