Mlima Niliouchagua

Juni ile saluni yangu ya mtaa wa Umbilo ilihamia milimani. Nilikuwa nasuka wateja huku simu nimeiegemeza kwenye kopo la jeli, naangalia video za watu wanaoteleza kwenye theluji. Watoto wangu walikuwa wameomba likizo ya Julai yenye theluji, nami nilishawaahidi. Kina mama wa kwaya yetu ya kanisani nao walishajua, maana mdomo wangu hauna breki.

Milima ilikuwa miwili. Mmoja uko Eastern Cape, hapahapa Afrika Kusini: mteremko mfupi, kamba moja ya kuvuta watu hadi juu, na theluji inayotengenezwa kwa mashine. Mwingine uko Lesotho: mteremko mrefu, walimu wa wanaoanza, mabuti ya kukodi, na mgahawa ambamo watu wanakunywa chokoleti ya moto wakiwa wamevaa miwani mikubwa kama marubani. Sasa hapo kuna cha kufikiria?

Dada yangu mkubwa alikuwa nacho. Tulitoka Bukavu pamoja, tunasuka pamoja, na safari hii tulipanga kwenda pamoja. Watoto walisema bila yeye hawaendi. Kila nilipousifu mlima wa Lesotho, yeye alirudi kwenye ule mdogo.

"Hii ya karibu inatosha," alisema. "Batoto banataka tu kugusa theluji."

"Yaya, unaogopa baridi," nikamjibu, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa kwetu Bukavu, na saluni nzima ikacheka.

Siku nyingine nikamwambia mteja kwamba huyu dada yangu hata ukimpeleka peponi atauliza kama hakuna pepo ya karibu. Wakacheka tena. Yeye aliendelea kuchana nywele. Nilijiona mchekeshaji hodari.

Nikaweka nafasi Lesotho. Nikatangaza palepale, saluni ikiwa imejaa, nikamwambia dada atafute koti zito.

"Muende na batoto," akasema polepole. "Mimi na hii asylum yangu nitavuka mupaka namna gani?"

Uso uliniwaka. Mwomba hifadhi akivuka mpaka na kibali kile, kurudi ndiyo basi. Mimi sikuhitaji kufundishwa hilo. Niliishi na kibali hicho miaka, nikipanga foleni pamoja naye. Kisha nikapata uraia na pasipoti, yeye akaendelea kuambiwa arudi baadaye, nami nikasahau. Nilisahau kwa raha zangu. Wakati wote ule alikuwa akinipa nafasi ya kukumbuka bila kuniaibisha mbele za watu, na mimi nikamfanya kichekesho.

Nikapiga simu kwenye mlima mdogo. Nafasi zote za likizo zimekwisha. Nikasema basi tuache, twende mwaka mwingine. Dada akakataa katakata. Tayari alikuwa amewabembeleza watoto, amewaambia lazima mtu abaki na saluni.

Siku moja kabla ya kuondoka, akanikalisha kwenye kiti cha wateja. Alisema nywele zangu hazitaingia chini ya kofia. Akaanza kunisuka mistari midogo, vidole vyepesi kama siku zote, akiuliza kila mara kama naumia. Wateja walewale walikuwa wamekaa, na safari hii hakuna aliyecheka. Kwenye kioo nilimwona nyuma yangu, ameinamia kazi.

"Inamisha kichwa," akaniambia.

Nikainamisha. Alipomaliza kisogoni akaniambia niinue, nikashindwa.