Mwezi wa Saa Tatu na Saa Tisa

Baba alikuwa amenipa muhula mmoja tu wa chuo cha kompyuta, chumba kimoja juu ya duka la spea pale Likoni. Sharti lake lilikuwa wazi: nikimaliza nimwonyeshe kitu cha maana, la sivyo nikae nyumbani nishone na mama. Na cherehani siipendi mpaka leo.

Nikachagua mwezi. Baba alifanya kazi kwenye tagi, vile vyombo vinavyovuta meli bandarini, na alikuwa na kitabu chenye saa za maji kujaa na kupwa, pamoja na saa na dakika ya kuzaliwa kwa kila mwezi mpya. Nikapata kanuni ya kuukokotoa katika kitabu cha elimu ya nyota, nikaiandika kwa lugha ya BASIC, nikamletea majibu ya mwaka mzima.

"Ndoo hapa," akaniita baada ya kuyalinganisha.

"Abee, baba."

"Mwezi gani huu, una zamu kama makuli? Kila mara saa tatu au saa tisa!"

Kweli, tena kamili, bila dakika hata moja. Nilitahayari, lakini hamu ya kujua ilizidi aibu. Kosa la ovyo ovyo halina nidhamu namna ile.

Kumbe kanuni ilihesabu siku tangu zama za kale, na namba ya siku ilishapita milioni mbili. BASIC nayo, usipoiambia vingine, huitunzia namba tarakimu saba hivi. Siku zilijaa jamvi zima, saa na dakika zikabaki mlangoni. Mashine ikawa inasogeza kila jibu kwenye robo ya siku iliyo karibu, na kwa saa zetu robo hizo huangukia saa tatu na saa tisa. Wala haikulalamika. Hilo lilinishangaza kuliko yote.

Dawa ilikuwa alama ya # mwishoni mwa namba, ili ipewe nafasi maradufu. Nikaiweka kila mahali, nikasahau mahali pamoja, na hapo pamoja pakaharibu kila kitu. Nilipoparekebisha, dakika zikatokea. Nilipiga kelele darasani.

Baba akalinganisha tena, kidole juu ya kitabu.

"Alikufunza mwalimu?"

"La, baba. Nilitafuta mwenyewe."

Akakifunga kitabu.

"Wallahi, ungepata sawa mara ya kwanza ningesema mashine ndiyo hodari, nikakuweka nyumbani," akasema. "Muhula mwingine waanza lini?"